Wiki ya saba, kabla sijajua nina mimba

Nesi alimfuta mtoto, akamviringisha kwenye kanga, kisha akamgeuzia uso upande wake. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Mtoto alikuwa amelia vizuri, nimemsikia kwa masikio yangu, lakini hakuna aliyeniambia "hongera mama". Nesi wa pili akaja kuchungulia, wakatazamana. Nikauliza, "Ni mzima?" Yule wa kwanza akajibu, "Mzima, ila Mungu kamleta na alama yake." Akamlaza kifuani kwangu na kufunua kanga.

Mdomo wa juu ulikuwa umeachana upande wa kushoto, wazi mpaka ndani ya tundu la pua. Alipolia tena nikaona uwazi ule haukuishia hapo, unaingia ndani juu kwenye kaakaa, na huko juu naona pua kwa ndani. Nikamfunika. Jambo la kwanza nililolifanya kama mama yake ni kumfunika uso. Naliandika kwa sababu najua si mimi peke yangu, na wengi wetu hatulisemi.

Miaka minne imepita. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mbagala, na huyo alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Tulijifungulia hospitali moja ya wilaya hapa hapa Dar es Salaam, kesho yake asubuhi tukaruhusiwa. Kwenye kadi waliandika kilo 2.9, na pembeni maneno ya kidaktari ambayo sikuyaelewa na sikuyauliza. Hakuna aliyenieleza huyu mtoto atanyonyaje. Hilo lilikuwa kosa lao. Kosa langu ni kwamba sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nataka tu kutoka pale kabla mama wa kitanda cha jirani hajaamka akamwona.

Nyumbani nikamweka kwenye titi. Anashika, anavuta, anaachia, analia. Maziwa yanatoka puani. Nilidhani anakufa, nikamgeuza kifudifudi na kumpigapiga mgongo. Ikawa hivyo kila baada ya saa moja, mchana na usiku, na mimi nikidhani ananyonya kwa kuwa anakaa kwenye titi nusu saa nzima. Kumbe hapati kitu. Mtoto ili anyonye lazima azibe mdomo kote ndiyo avute. Aliye na uwazi kwenye kaakaa ni kama mtu anayevuta soda kwa mrija uliotoboka. Anajichosha, anameza hewa, tumbo linajaa upepo, halafu analala kwa uchovu na wewe unasema ameshiba.

Siku ya ishirini na moja tukampeleka kliniki ya watoto. Mzani ukasoma kilo 2.4.

Aliyetuokoa ni mama anayeuza vitumbua pale kona, ambaye mtoto wa dada yake alizaliwa hivyo hivyo. Alinikuta nimekaa kwenye kiti cha cherehani nalia, mtoto mapajani, akafunua kanga bila kuniomba ruhusa, akasema, "Si mdomo sungura huu? Unashonwa, tena bure. Kesho uende." Kabla ya hapo nilikuwa sijui kama una jina, sembuse kwamba unashonwa.

Nitaje kabisa mahali ili mtu asipoteze siku kama mimi. Kwa Dar es Salaam watoto hawa wanahudumiwa hospitali ya CCBRT pale Msasani na pia Hospitali ya Taifa Muhimbili. Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wanakwenda Bugando, Mwanza. Lipo shirika la Smile Train ambalo hugharamia upasuaji kwenye hospitali linazoshirikiana nazo, kwa hiyo ukifika uliza kama upasuaji wa mwanao unaingia humo. Lakini cha bure ni upasuaji tu. Nauli za daladala mbili kwenda na mbili kurudi, bajaji siku ambazo mtoto kazidiwa na joto, chakula chako wodini, na nguo za wateja ambazo hukushona, hizo ni zako. Msimu wa sare za shule mwaka ule ulinipita hivi hivi.

Siku ya kwanza tulipokwenda huko hawakugusa mdomo hata kidogo. Nesi mmoja mtu mzima alinikalisha, akaniambia nikamue maziwa kwenye kikombe safi. Akamkalisha mwanangu wima, kichwa juu ya kiganja chake, akaweka ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini. Hakumimina. Aliinamisha kidogo tu mpaka maziwa yakagusa mdomo, akasubiri. Mtoto akatoa ulimi, akalamba. Akalamba tena. Baada ya kila vijiko viwili vitatu hivi anamwinua begani kumcheulisha, kisha anaendelea. Dakika ishirini na tano. Mwanangu akalala na mikono imelegea, mara ya kwanza tangu azaliwe. Zipo na chupa laini za kubinya, unabinya wewe wakati yeye anameza, na mwenye uwazi wa mdomo tu, kaakaa likiwa zima, mara nyingi ananyonya titi ukimpakata vizuri. Wa kwangu alikuwa na vyote viwili, ikawa kikombe.

Sasa niseme lile lililonila zaidi ya njaa ya mtoto.

Mwanamke akizaa mtoto wa namna hii, kila mtu anageuka mpelelezi. Mama mkwe aliuliza kama nilipokuwa na mimba nilimcheka mlemavu. Wifi akasema ni ile sindano ya uzazi wa mpango niliyochoma kabla ya ndoa. Jirani akasema labda nilikula nyama ya sungura, mimi ambaye sungura namjua wa kwenye hadithi. Udongo nilikula, sikatai, ule wa vijiti wanaouza sokoni, na kila nilipokumbuka ladha yake nilijisikia kama niliyemkata mwanangu kwa mkono wangu. Mtaalamu mmoja wa kombe alichukua shilingi 150,000 kuniambia kuna mtu wa upande wa mume ametupa kitu. Fedha hiyo niliitoa kwa siri, ilikuwa ya kununulia cherehani ya pili. Sijawahi kumwambia mume wangu mpaka leo. Akisoma hapa basi ajue.

Na mimi nilikuwa na mshtakiwa wangu. Mume wangu alikuwa anavuta sigara, chumba kimoja, dirisha moja. Katika lawama zote zile hakuna aliyemwuliza yeye alifanya nini. Nilimwekea kinyongo miezi mitatu, nikimpikia na kumfulia huku nasema moyoni, ni wewe.

Daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya aliyempokea mwanangu alikuwa mama wa makamo, haraka hana. Niliingia na futi ya kupimia bado iko shingoni, nimeisahau. Akaiona, akacheka, akasema, basi wewe utanielewa upesi. Uso wa mtoto tumboni unatengenezwa kwa vipande vinavyotoka pembeni na katikati, vinasogeleana, vinaungana. Mdomo unaungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba. Kaakaa ni wiki ya sita mpaka ya tisa. Vipande vikishindwa kufikiana kwa wakati wake, pale panabaki wazi. "Hakuna kilichochanwa," alisema. "Ni mshono ambao haukufika."

Nikahesabu palepale kwa vidole. Mimi nilipima mkojo kwa kile kipimo cha duka la dawa baada ya siku zangu kupita mara mbili, na hapo nikakaa wiki nyingine mbili nikidhani ni uchovu. Kliniki nilianza mwezi wa nne, nikapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki kama kila mama. Mwezi wa nne mdomo wa mwanangu ulikuwa umeshamaliza habari yake zamani. Udongo niliokula ni wa mwezi wa tano na wa sita. Nilitoa machozi, na sidhani yalikuwa ya huzuni.

Akaniuliza maswali, na nimeyakumbuka kwa sababu ndiyo yenyewe, hayo ya sungura hayamo. Una kisukari, ulikuwa nacho kabla ya mimba? Una kifafa, unatumia dawa gani? Pombe? Sigara, wewe au unayeishi naye? Kwenu au kwao kuna mwingine aliyezaliwa hivi? Akamsikiliza mtoto moyo kwa muda mrefu, akamtazama vidole, masikio, akaangalia kama mdomo wa chini una vishimo viwili vidogo, kwa maana kuna ugonjwa wa kurithi unaokuja na vishimo hivyo pamoja na mdomo wazi. Hakuna alichokiona. Wengi wa watoto wenye mdomo wazi, alisema, hawana kasoro nyingine. Na wa kwako ni yule wa kwenye vitabu kabisa: wa kiume, upande wa kushoto. Mdomo wazi huwapata wavulana zaidi ya wasichana, na kushoto zaidi ya kulia. Kaakaa peke yake huwa zaidi kwa wasichana. Duniani kote ni kama mtoto mmoja katika kila 700 wanaozaliwa, na sisi Waafrika tuna wachache kuliko watu wa Asia.

Sindano ya uzazi wa mpango akaitoa kwenye hesabu. Udongo vilevile, ingawa alinigombeza, maana unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini na damu ndiyo tunayoihangaikia. Sigara hakuitoa. Mama anayevuta anaongeza hatari, na moshi wa anayevuta karibu naye nao umehusishwa. Nikamtazama mume wangu. Daktari akaniwahi: "Usimpe kesi. Wavutaji ni wengi, na wengi wao watoto wao wamezaliwa na midomo mizima. Mara nyingi ni vitu vingi vidogo vinakutana siku moja, kilicho kwenye damu ya ukoo na kilicho nje. Sigara aache kwa sababu mtoto ana pua wazi na kifua chepesi, na kwa sababu ya mimba ijayo." Aliacha, akarudia, akaacha tena. Sasa anavuta akiwa barabarani.

Kuhusu kifafa, nimwombe aliye nacho anisikilize. Wodini nililala kitanda cha jirani na dada mmoja wa Temeke mwenye mtoto wa kike, mdomo na kaakaa kama wa kwangu. Alikuwa anatumia dawa za kifafa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baadhi yake, kama sodiamu valproeti au fenitoini, zikitumika miezi ya mwanzo ya mimba zinaongeza uwezekano wa jambo hili. Alipoambiwa, alizitupa zote jalalani kwa hasira. Siku ya tatu alianguka bafuni, mtoto yuko mgongoni. Dawa ya kifafa haiachwi kwa hasira wala kwa hofu. Unakwenda kwa daktari kabla hujashika mimba, unamwambia nataka kuzaa, yeye ndiye anayeangalia ipi ibadilishwe na kwa kipimo gani.

Na ukoo? Nilimjibu daktari kwetu hakuna. Nilimpigia mama simu Kilwa, akasema hakuna. Kwa mume wangu hakuna. Basi ikaandikwa hakuna.

Upasuaji wa mdomo mara nyingi hufanyika kuanzia miezi mitatu. Zamani madaktari walikuwa na kanuni ya kumi tatu: wiki kumi, ratili kumi ambazo ni kama kilo nne na nusu, na kiwango cha damu kumi. Sisi umri tulikuwa nao, kilo hatukuwa nazo. Nilikuwa nakamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku naweka kengele ya simu, na kila Jumatatu mzani. Kilo 3.1. Kilo 3.6. Akapata nimonia, tukarudi nyuma. Kilo nne na nusu zilifika akiwa na miezi mitano na siku chache, nikapewa tarehe.

Tarehe hiyo niliiharibu mwenyewe. Waliniambia mtoto asipewe maziwa kuanzia saa kumi alfajiri. Saa kumi na mbili akaamka analia ile njaa ninayoijua, ile ya siku ishirini na moja. Sikuweza. Nikampa vijiko vitatu, nikamfuta mdomo, nikanyamaza. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji wakauliza mara ya mwisho amekula saa ngapi, nikadanganya, kisha miguu ikaanza kutetemeka nikasema kweli. Mtaalamu wa usingizi hakunifokea. Alisema tu, "Mama, maziwa hayo yangepanda yakaingia mapafuni," akafuta jina letu ubaoni. Tulisubiri wiki mbili nyingine. Kama ungeniuliza ni senti zipi zimenisaidia zaidi katika safari yote, ningekutajia nauli niliyopoteza siku ile.

Mama alikuja kutoka Kilwa kwa ajili ya tarehe ya pili. Jioni ya kulazwa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi namlisha mtoto, kikombe, kuinamisha kidogo, kusubiri. Mama alikuwa ananitazama mikono muda mrefu. Akasema, taratibu kama anayejisemea, "Kumbe ilikuwa kikombe tu."

Nikamuuliza nini.

Kabla yangu mimi, alizaa mtoto wa kike. Mdomo wazi, pande zote mbili. Wakampa maji ya sukari kwa kitambaa kwa sababu titi halishiki, na wazee wakasema aachwe, huyu ni mgeni. Aliishi siku tisa. Hakutajwa tena. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba ambayo nimekua nikicheza, chini ya mkorosho, na mimi nilidhani pale ni mahali pa kuanikia korosho. "Ungenifikiriaje ningekwambia kwenye simu?" alisema. "Ningekwambia umelitoa kwangu?"

Sikumjibu vizuri usiku ule. Nilikuwa nimemwekea mume wangu kinyongo miezi mitatu, na jambo lenyewe lilikuwa kwetu. Lakini pia, na hili lilikuja polepole, mama alikuwa ameibeba ile kesi ya "ulimcheka nani" miaka zaidi ya thelathini, peke yake. Asubuhi nilimpa kikombe, akamlisha yeye mlo wa mwisho kabla ya saa ya kufunga.

Operesheni ilichukua kama saa moja na nusu. Nitasema kitu cha ajabu. Walipomleta, mdomo umeungana, nyuzi ndogo nyeusi zimekaa kwa mpangilio ambao mimi kama fundi niliuheshimu, sikumtambua. Nilikuwa nimeshaupenda ule uso. Lile tabasamu lake lilikuwa pana kuliko la mtoto yeyote Mbagala, na sasa halipo, kuna mtoto mwingine mzuri amelala. Nilimkumbuka mwanangu wa jana huku nimempakata. Akina mama wawili watatu wameniambia nao waliona hivyo, basi isikutishe.

Mikononi walimvalisha kitu kama mkono wa shati uliotiwa vijiti vya kumzuia asikunje viwiko akajikuna mshono. Vikalowa maziwa siku ya kwanza. Nikarudi nyumbani nikashona jozi nne za khanga kuukuu na vijiti vya aiskrimu ndani, nyingine nikampa dada wa Temeke.

Kaakaa lilifanywa akiwa na mwaka na miezi miwili. Hilo lilikuwa gumu zaidi kwa maumivu, na damu kidogo kwenye mate inatisha usipoambiwa mapema. Wengi huishia kwenye mdomo kwa sababu uso umeshapendeza na watu hawaulizi tena. Tafadhali rudi. Kaakaa ndiyo sauti. Na masikio: watoto hawa hujaa maji ndani ya sikio bila usaha wala homa, wa kwangu nilimwita mkaidi mwaka mzima kumbe hasikii vizuri. Sasa ana mtaalamu wa matamshi mara moja kwa mwezi. "P" na "b" zinatoka. "K" inakwenda puani bado, kwa hiyo kuku anaitwa "hunhu", na watoto wa uani wote wameanza kumwita kuku hunhu.

Daktari nilimrudia nikamweleza habari ya marehemu dada yangu. Akafungua faili, akakata lile neno "hakuna". Wazazi wasio na tatizo waliopata mtoto mmoja hivi, anayefuata ana nafasi kama nne katika mia. Akiwepo na mwingine kwenye ukoo wa karibu, inapanda. Akasema nisishike mimba kwa bahati. Nianze foliki angalau mwezi mmoja kabla, miligramu 0.4 kwa siku, zaidi ya hapo ni kwa maelekezo yake tu. Hakunidanganya kuhusu foliki: inasaidia kwa uhakika kuzuia mgongo wazi, kwa mdomo wazi ushahidi wake ni dhaifu zaidi. Nipime sukari. Mume avutie mbali au aache. Nikafanya yote, hata mdogo wangu wa kike ambaye hajaolewa nilimwambia ya chini ya mkorosho, mama akiwepo.

Nina mimba ya miezi saba sasa. Wiki ya ishirini nilipiga altrasaundi, daktari akasimamisha picha kwenye mdomo, akaniita nisogee nione mstari mmoja mzima. Kaakaa, akasema, kwa kipimo hiki huwa ni shida kulionyesha, tutalijua akizaliwa. Kwenye kapu la kujifungulia nimeweka kanga sita, wembe, glavu, pamba, na kile kikombe.